Nyumba Iliyosubiri Homa

Tangu mke wa dobi achomwe ile sindano, nyumba nzima ilikuwa inaisubiri homa kama watu wanavyomsubiri mgeni aliyeahidi kuja bila kusema saa. Blanketi zito lilikuwa limetolewa sandukuni, limeanikwa juani, limerudishwa ndani. Chupa ya chai ilikuwa imejaa. Homa haikuja. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa amesimama mezani, anakunja mashati ya wateja huku anaimba.

"Hebu sogea nikushike," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Akamwekea kiganja shingoni, akatulia nacho kidogo, akakitoa. "Baridi. Baridi kama mtungi."

"Mama, si umenishika sasa hivi tu?"

"Sasa hivi ile imeshapita. Homa haipigi hodi."

"Basi ikija itanikuta hapa hapa. Sina safari."

Mtaani walimwita Bi Mkunjo, kwa sababu shati likipita mikononi mwake lilitoka kama halijawahi kuvaliwa. Mumewe walimwita Pasi, na jina hilo lilimganda hata mama yake mzazi akalizoea. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, pasi ya mkaa kwa siku za umeme kukatika, bakuli la wanga, na kamba iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vya nyuma vilikuwa vya kulala. Binti yao, aliyekuwa anajifunza kusuka kwenye saluni ya jirani, ndiye pekee mwenye simu ya maana, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa waziri wa mawasiliano.

Ugonjwa ulianzia unyayoni, doa jeusi ambalo Bi Mkunjo alilidhani ni wino. Walilikata, wakasema ni kansa ya ngozi, na kwamba kansa ya namna hiyo ina tabia ya kurudi kupitia mlango mwingine. Ndipo daktari akawaambia kuna utafiti. Watachukua kipande cha uvimbe ule ule walioukata, watengeneze chanjo ya Bi Mkunjo peke yake, isiyomfaa mtu mwingine yeyote duniani, na pamoja nayo atapewa dripu ya kuamsha kinga ya mwili. Bure, na nauli juu. Dawa zenyewe kwa kununua, Pasi angeuza pasi, meza, na wateja walioko mlangoni, asipate hata mfuniko wa chupa.

Sasa hiyo homa iliingiaje? Iliingilia kwenye benchi la kusubiri. Palikuwa na mgonjwa mwenzao, dereva wa malori mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Alikuwa ametangulia kuchomwa.

"Mimi nilitetemeka mpaka kitanda kikasogea," aliwaambia. "Hiyo ndiyo dalili kwamba imeshika. Ukiona kimya, ujue mwili umelala. Na mwili uliolala hawautaki. Wanakutoa, wanampa mwingine nafasi."

Baadaye kidogo muuguzi wa utafiti alikuja akawapa kipimajoto cha kwapani, akasema wapime kila jioni na wamtumie namba kwa simu. "Homa inaweza kuja. Ikifika thelathini na nane, mnipigie. Na chochote kingine mtakachokiona, vipele, kuharisha, kuchoka sana, mniambie." Muuguzi alisema homa inaweza kuja, dereva alisema lazima ije. Mtu mwenye hofu hulichukua neno la yule mwenye sauti kubwa.

* * *

Mchana ule alikuja mteja, mama mwenye duka la vioo, kuchukua nguo zake. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mkoba umekumbatiwa kifuani.

"Pasi, samahani, ningeomba kitu. Nguo zangu uwe unanipigia mwenyewe. Bi Mkunjo apumzike."

"Amekwambia amechoka?"

"Hapana. Ila, unajua, nina watoto. Na mambo haya ya kansa, mtu anashika kola, mtu anashika mto."

Bi Mkunjo alikuwa pale pale, mikono yake ikiwa katikati ya blauzi ya huyo huyo mama. Aliiweka chini taratibu. Hilo lilimtisha mumewe kuliko matusi.

"Mama," Pasi alisema, "wewe umeniletea nguo miaka mingapi? Nimewahi kukupa shati la mtu mwingine?"

"Hata siku moja."

"Kwa nini?" Akageuza kola ya gauni, akamwonyesha alama ndogo ya uzi mwekundu, misalaba miwili. "Hii ni yako. Huyu ana nukta. Yule ana mstari. Bila alama, mashati meupe yote ni ndugu, siwezi kumjua mgeni. Daktari ametueleza: kansa ni nguo ya mwizi iliyoingia kwenye fungu la nyumbani. Imefanana na zako, walinzi wa mwili wanaipita tu. Chanjo ya mke wangu inawaonyesha walinzi alama iliyo ndani ya kola. Alama ya kwake mwenyewe. Sasa nguo iliyotiwa alama ya mke wangu inaingiaje kwenye fungu lako?"

Mama mwenye duka la vioo alifikiri. "Kwa hiyo haiambukizi."

"Haiambukizi."

"Ila umaskini unaambukiza," Bibi alidakia kutoka kigodani, "kwa hiyo ulipe kabla hujaondoka."

Yule mama alicheka, akalipa, akaondoka. Lakini siku iliyofuata hakuleta nguo, na siku ya pili yake Bi Mkunjo alimwona akipita upande wa pili wa barabara na fungu kichwani, anatazama mbele kama mtu anayebeba maji.

* * *

Kuna jambo Bi Mkunjo hakumwambia mtu. Alikuwa anawashwa. Ilianza kama upele wa joto chini ya matiti, ikashuka tumboni, vipele vidogo vidogo vilivyokaa kama mchanga uliomwagwa. Alijikuna akiwa bafuni, huku amefungulia maji ili mkwe asisikie.

Alikumbuka vizuri muuguzi alivyosema. Lakini Bi Mkunjo alikuwa mke wa dobi, na alizijua lugha za watu. Mteja akikwambia, "Ukiunguza, uniambie," hakwambii ili akupongeze. Kwa hiyo alifunga kanga yake vizuri, akanyamaza, akaendelea kuimba. Na kila jioni alitia kipimajoto kwapani, kikalia, binti akasoma thelathini na sita na nukta kadhaa, na nyumba ikaingiwa na huzuni kama ya watu waliofungwa mabao.

"Labda kibovu," alisema Bibi.

"Bibi, nimejipima mimi pia. Sawa tu."

"Nani kakwambia wewe ni mzima? Mtu anaingia saluni na nywele zake anatoka na za mwenzake."

Usiku Bi Mkunjo akamwambia mumewe, akiwa amemgeuzia mgongo, "Wakinitoa, wasikulaumu. Ulinipeleka." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha. Pasi alilala macho wazi.

* * *

Jioni iliyofuata, Bi Mkunjo alipokitoa kipimajoto kabla hakijalia akaenda kuchota maji, Pasi alikipokea akabaki nacho. Mbele yake palikuwa na shati jeupe lililotoka kwenye pasi, bado linafuka. Miaka ishirini na kitu alikuwa ameishi na joto. Alijua nguo ikikunjwa mara mbili inashika joto kiasi gani, ikikunjwa mara nne kiasi gani. Alikitia kipimajoto ndani ya mkunjo, akakipigapiga juu kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto, akakitoa.

Thelathini na nane na nusu.

"Imekuja," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga.

Binti alisoma, akaita, Bibi akasimama bila fimbo. Bi Mkunjo aliingia na ndoo, akaambiwa, akaiweka ndoo chini.

"Mimi?"

"Wewe."

"Lakini sijisikii."

"Utajisikia," alisema Bibi. "Kaa chini."

Na kweli, alipokaa alijisikia. Akaomba blanketi. Mwanamke aliyekuwa anachota maji sasa hivi alianza kutetemeka kidogo kidogo, kwa adabu, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Mgongo unauma," alisema kwa furaha. "Na macho." Binti akatuma namba. Muuguzi akajibu haraka: anywe maji mengi, apumzike, wapime tena kesho asubuhi na jioni, ikizidi wapige simu. Pasi alisimama pembeni, anamtazama mke wake akicheka chini ya blanketi, na hakujua kama afurahi au akajifungie bafuni. Asubuhi alipima tena yeye mwenyewe. Shati lingine, mkunjo ule ule.

Tatizo la uongo wa nyumbani ni kwamba haukosi wasaidizi. Bibi alikuwa ameona homa inasimama pale pale kwenye thelathini na nane, haipandi, akaanza kuogopa kwamba itapoa. Mchana, Pasi akiwa amekwenda kununua mkaa na binti yuko saluni, alimlaza mkwe wake, akamfunika blanketi, akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga kitambaa, akaisukuma kwapani.

"Mama, inaunguza."

"Ndiyo kazi yake. Wewe unataka homa ya kubembeleza?"

Bi Mkunjo alistahimili, kisha joto likamshinda, akalala usingizi mzito. Bibi akaitoa chupa, akatia kipimajoto mahali pale pale ilipokuwa, akangoja mlio. Macho yake hayakuwa mazuri kwenye namba ndogo. Alimpelekea mjukuu wake saluni, akitembea haraka kama msichana.

"Soma hapa, mke mwenzangu."

"Bibi, hii ni arobaini na moja."

"Ni nzuri?"

"Sijui, kubwa sana."

"Tuma."

* * *

Simu iliita binti akiwa bado anaishika, na muuguzi hakusalimia.

"Mama yuko wapi? Anaongea? Anakutambua?"

Binti alikimbia nyumbani simu ikiwa sikioni. Mama yake alikuwa ameamka, yuko mezani.

"Sista, anakunja mashuka."

"Anafanya nini?"

"Anakunja mashuka. Mawili mawili."

"Asifanye chochote. Gari linakuja."

Gari la utafiti lilikuja na kupiga honi mtaa mzima, na mtaa mzima ukatoka. Mama mwenye duka la vioo alikuwa miongoni mwao, kiganja kimefunika mdomo. Bi Mkunjo alipanda akiwa amevaa kanga ya kwendea mjini, anapunga mkono kama bibi harusi, kwa sababu kwake yeye gari hilo lilikuwa ushahidi kwamba imeshika. Bibi alipanda mbele, kando ya dereva wa gari hilo. Pasi alirudi na mkaa akamkuta binti peke yake nyumbani, akamsimulia. Akautupa mfuko, akakimbilia usafiri.

Alipofika wodini, mke wake alikuwa kitandani na mrija mkononi. Damu ilikuwa imeshachukuliwa. Muuguzi alimpima mara tatu, kwa vipimajoto vitatu, na vyote vilisema thelathini na sita na nusu. Daktari, mwanamama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anasoma namba zilizotumwa.

"Hiki ndicho kinachonisumbua," alisema. "Jana thelathini na nane na nusu, leo asubuhi hivyo hivyo, mchana arobaini na moja, sasa hana kitu. Baba, karibu. Dawa hizi zinaamsha kinga. Mara nyingine kinga inaamka vibaya, inampiga mwenye nyumba badala ya mwizi. Inaweza kushika ini, utumbo, mapafu. Joto la arobaini na moja silichezei. Nangoja majibu ya damu, lakini yakichelewa nitaanza dawa ya kuituliza kinga."

"Ikishatulizwa," Pasi aliuliza, "ile chanjo?"

"Chanjo inaiambia kinga iamke, mimi nitakuwa naiambia ilale. Hatutaweza kuendelea. Atatoka kwenye utafiti."

Uso wa Bi Mkunjo ulibadilika taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. "Si mlisema homa ndiyo dalili imeshika?"

"Nani alisema?"

"Dereva."

"Dereva gani?"

Muuguzi alikuwa ameshaandaa sinia, na juu yake bomba la sindano. Pasi aliliangalia. Mle ndani walikuwamo mke wake, mama yake, wauguzi wawili, wagonjwa wa vitanda vya jirani walioacha hata kukohoa ili wasikie. Alivua kofia.

"Daktari, ile homa si yake. Ni yangu."

"Wewe ndiye una homa?"

"Hapana. Ni ya shati."

Daktari alivua miwani. "Shati la nani?"

"La mteja. Jeupe, la mikono mirefu. Nilikitia kile kipimo kwenye mkunjo. Jana na leo asubuhi. Yeye hajui. Hajawahi kuwa na homa hata dakika moja."

"Nilitetemeka," Bi Mkunjo alisema.

"Ulitetemeka kwa sababu nilikwambia unatetemeka."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Pasi alisimama na kofia yake mikononi, anaikunja na kuikunjua, mtu mzima mwenye mvi. "Nilidhani mtamtoa, daktari. Nilitaka aone namba nzuri."

"Na ile ya arobaini na moja?" aliuliza daktari. "Hilo lilikuwa shati gani?"

"Hiyo siijui," Pasi alisema kwa dhati. "Mimi sikufika huko."

Wakatazamana. Bibi, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, alikohoa kidogo akanyoosha kanga yake.

"Ile ni yangu," alisema. "Yeye hawezi kufika huko, ni mwoga tangu utotoni. Chupa ya maji ya moto."

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Daktari hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawaangalia mmoja mmoja mpaka wote watatu wakatazama miguu yao.

"Mnajua nilikuwa nakaribia kufanya nini? Ningemnyima mtu dawa kwa sababu ya chupa ya maji. Hapa hatumpimi mtu kwa homa. Wapo waliotetemeka, wapo waliolala wakaamka wakaenda kazini. Tunawauliza ili tuwalinde, si ili tuwafukuze." Kisha akamgeukia Bi Mkunjo. "Na wewe, mama? Kuna kingine ambacho si cha kweli?"

Bi Mkunjo alitazama dari. Alimtazama mumewe, aliyekuwa bado anaikunja kofia mbele za watu kwa ajili yake.

"Cha uongo hakuna," alisema. "Cha kweli ndicho kipo." Akapandisha blauzi.

Vipele vilikuwa vimeenea tumbo zima. Pasi alikuwa hajaviona. Miaka yote hiyo anaona doa la chai kwenye shati la khaki kutoka upande wa pili wa barabara, na hakuviona.

"Tangu lini?" daktari aliuliza, ameshainama, ameshavaa miwani.

"Tangu siku mbili baada ya sindano. Vinawasha sana kukipambazuka."

"Kwa nini hukusema?"

"Mliposema 'mniambie', nilijua ni mtego."

Daktari alivigusa kimoja kimoja, akaangalia mdomoni, machoni, akauliza choo chake, akabonyeza tumbo. Mwishowe akashusha pumzi. "Hivi navifahamu. Dawa ya dripu hufanya hivi kwa baadhi ya watu. Ni vya kupaka dawa tu. Lakini vingeendelea kufichwa vikaenea, hapo ndipo ningeogopa kweli." Akatikisa kichwa. "Nyumba yenu ni ya ajabu. Dalili isiyokuwapo mnanitumia, iliyopo mnaifungia kanga."

"Kwa hiyo vipele ndiyo dalili imeshika?" aliuliza Bibi.

"Sijui, bibi."

"Wewe daktari, hujui?"

"Ningejua, isingeitwa utafiti. Ingeitwa dawa, ningemwandikia, sote tukaenda nyumbani."

Bibi alimtazama kwa muda, akakubali kwa kichwa. Baadaye, kwenye korido, alimwambia mwanawe, "Huyu ni mkweli. Wanaojua kila kitu nimewazika wengi."

* * *

Damu ilirudi safi. Lakini daktari alisema lazima awaeleze wakubwa wa utafiti juu ya zile namba, na wao ndio watakaoamua kama Bi Mkunjo atachomwa sindano ya pili. Wakarudi nyumbani na tyubu ya mafuta ya kupaka na jambo moja tu la kungojea.

Mtaa ulikuwa umeshapata habari. Vijana wa kijiwe walimwamkia Pasi kwa kumshika paji la uso. "Shikamoo, mzee. Joto lipo?" Fundi baiskeli alimletea shati, akasema hana haja ya kulivaa, anataka tu kujua lina homa kiasi gani. Pasi alicheka nao, kwa kuwa mtu akikataa kucheka utani unahamia kwake na magodoro. Mama mwenye duka la vioo naye alirudi na fungu lake. Hakuomba msamaha, aliliweka mezani, mbele ya Bi Mkunjo, akasema, "Mikono mirefu naipenda ikunjwe na wewe. Yule dobi wa upande wa pili anakunja kama anafunga mihogo." Bi Mkunjo akalivuta fungu upande wake. Yakaishia hapo.

Ila ndani ya nyumba Bi Mkunjo hakusema na mumewe siku nzima, na ya pili yake nusu. Walifanya kazi meza moja. Yeye anakunja, mume anapiga.

"Ungenitoa," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Kwa kunipenda."

"Najua."

"Mtu anaweza kumwua mwenzake hivyo, anamlisha asali."

"Na wewe ukanificha tumbo lako."

"Nililificha lisikutie hofu."

"Basi," alisema Pasi, "tumefichana vya kutosha. Kola hii iko sawa?"

"Imeungua kidogo pale."

"Wapi?"

"Hapo. Ulikuwa unanitazama mimi."

Simu ilikuja binti akiwa na mikono iliyojaa mafuta ya nywele. Aliipokea kwa kidole kidogo na kuiweka kwenye sauti kubwa. Ilikuwa daktari. Wakubwa wamekubali. Zile namba tatu zimefutwa, Bi Mkunjo ataendelea, kwa sharti kwamba kipimajoto akishike mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mlio, na aseme kila anachokisikia mwilini, kidogo au kikubwa, hata kama anadhani hakina maana.

"Kila kitu?" aliuliza Bi Mkunjo.

"Kila kitu, mama."

Alikaa kitako kwenye rundo la mashuka safi, kosa ambalo siku nyingine lingemtia mtu yeyote matatani, na akalia kidogo. Bibi alimpa ncha ya kanga yake ajifute.

* * *

Akachomwa sindano ya pili. Kwenye benchi alimkuta dereva mstaafu, mzima, anawaeleza wageni mambo. Safari hii alikuwa anasema dalili yenyewe ni kuota ndoto za marehemu. Bi Mkunjo alimpisha, akakaa benchi lingine.

Jioni alijipima. Kilipolia alikitoa mwenyewe, akamwonyesha binti. Thelathini na sita na nukta nne. Pasi alinyanyua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa anaitia mstari, akayarudisha. Hakuna aliyeleta blanketi.

"Andika," Bi Mkunjo alimwambia binti yake, akajiegemeza. "Mkono umevimba kidogo pale nilipochomwa. Andika, vipele vimepungua, kimebaki kimoja kwenye kitovu, kinawasha nikikikumbuka. Nimekula vizuri. Nimekula na kiporo. Umeandika?"

"Nimeandika kiporo."

"Goti la kushoto linalia nikisimama. Kidole gumba nimekiunguza kwa pasi, ni uzembe wangu. Roho ilinidunda asubuhi, lakini ni kwa sababu mama mkwe aliniambia vitunguu vyangu havikuiva. Andika na hilo."

"Hilo pia?"

"Daktari alisema kila kitu. Andika: mama mkwe, tangu asubuhi, bila kupumzika."

Binti alituma. Wakangoja. Pasi alikuwa ameacha suruali, amekaa kwenye ukingo wa meza karibu na mkewe, bega kwa bega. Kesho ya chanjo ile hakuna aliyeijua, si wao, si daktari mwenye miwani ya kamba. Ilikuwa inafanya kazi yake huko ndani au haifanyi, inapekua kola moja moja. Ila kwa mara ya kwanza tangu doa lile lionekane, kila mtu mle ndani alikuwa anajua kile ambacho mwenzake anajua.

Simu ikalia. Binti akasoma kwa sauti: "Asante, mama. Joto zuri. Barafu kidogo kwenye mkono. Goti na kidole si vyetu, lakini pole. Mama mkwe hayumo kwenye madhara ya dawa tuliyoyaorodhesha."

Wote wakamgeukia Bibi. Alikuwa kigodani pake, anachambua vibanio vya nguo, vilivyovunjika na vizima, na hakuinua kichwa.

"Mwambie," alisema, "asiifunge orodha mapema."